Ushuhuda Haulali

Katika mikutano ya walokole, Wakristo wa uamsho wa Afrika Mashariki, anayesimama kushuhudia haanzi kwa kutaja cheo wala ukoo. Husalimu, husema Yesu ni Bwana wake, kisha hueleza dhambi aliyoitubu na amani aliyoipata. Akimaliza, mmoja huanzisha "Tukutendereza", wimbo wa Kiganda unaoimbwa hata na watu wasiojua neno jingine la Kiganda, na wote huitikia. Akirefusha mno, wimbo huohuo humkalisha. Sijui njia yenye heshima kuliko hiyo ya kumnyamazisha mtu.

Uamsho huu uliwaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Kabla ya hapo, mwaka 1929, Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Mwingereza Joe Church walikuwa wamekutana Namirembe, Kampala, wakaomba pamoja. Moto ukapita Kigezi, ukafika Buhaya na Kenya. Ulienezwa kwa mdomo zaidi: wakulima, walimu, wauguzi na wake zao, wakitoka kijiji hadi kijiji kusimulia walichotendewa. Mdomo huo uliwatisha wakubwa. Mwaka 1941 chuo cha kanisa cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda, kwa kuwa hawakukubali kuacha mikutano na mahubiri yao ya alfajiri.

Walokole wenyewe, hata hivyo, hawakuyaamini maneno matupu. Ukisema umeokoka, watu walitaka kujua jembe la jirani limerudi lini. Mbuzi walirudishwa, madeni yakalipwa, vibarua wakawaendea waajiri kukiri walichoiba. Hata wamisionari waliwaomba Waafrika msamaha kwa majivuno yao, jambo ambalo enzi ya ukoloni lilikuwa zito kuliko mbuzi. Na ushuhuda wa mwaka juzi ulikuwa kiporo. Ndugu walitaka kusikia Mungu amekufanyia nini wiki hii. Kila wiki basi mtu alitafuta dhambi mpya ya kusema, na wapo waliojifunza kulia kwa mpangilio. Leo salamu yao, "Bwana asifiwe", hufungua mikutano ya siasa, na umati huitikia bila kuuliza la jembe.

Kinachonisumbua zaidi ni ushuhuda wa uzinzi. Mume alitubu hadharani, mkewe akiwa ameketi palepale. Mume aliondoka mwepesi. Mke alibaki na aibu isiyo yake, na juu ya hayo akatarajiwa kuitikia wimbo. Wazee wenye busara walikuja kumwambia mtu wa namna hiyo: hilo kaliseme faragha, kwa mkeo kwanza.

Jaribio kubwa lilikuja Kenya mwaka 1952, vita vya Mau Mau vilipopamba moto. Mtu angeweza kula kiapo cha Mau Mau kwa midomo tu, akaokoa shingo yake na nyumba yake. Ndugu wengi wa Kikuyu walikataa. Walisema wamekwisha kuingia agano kwa damu ya Yesu, na damu ya mbuzi hawataiongeza juu yake. Wapo pia waliokataa bunduki za serikali, na hivyo wakashukiwa na pande zote mbili. Baadhi waliuawa kwa kukataa kutamka sentensi chache, mara nyingine na majirani waliobatizwa katika kanisa lilelile.