Mkono wa mtoto si mkono wa baba



Mara nyingi ukurasa huu unawasemesha juu ya kaske, viatu vya usalama, mkanda na vumbi la mgodi. Leo tutasema juu ya mtu asiyekuwa na namba ya kazi, asiyejua zamu ya asubuhi wala ya usiku, lakini anayekimbia kutwa nzima ndani ya lupango bila kuchoka: mtoto wa miaka 3, 4 au 5 anayependa mpira.

Mnamfahamu. Kila kitu cha mviringo ni mpira kwake. Chungwa la mama, kifuniko cha sufuria, soksi ya baba iliyokunjwa. Ukimwita kula bukari anakuja mbio, anameza mara tatu, amekwisha kutoka. Usiku analala na mpira wa vitambaa chini ya shuka. Baba anamtazama na kusema: «Huyu, nitamfanya mchezaji mkubwa!» Hapo ndipo mashaka yanapoanza, na mimi ninayeandika nilianza hapo pia. Nitawaeleza.

Mjukuu wangu mmoja ni wa namna hiyo. Ana miaka 5. Binti yangu na bwana yake wanakaa Lexington, katika jimbo la Kentucky huko Marekani. Wakongo wengi wamehamia katika mji huo, na Kiswahili kinasikika madukani na makanisani. Siku moja binti yangu aliniambia kwa simu: «Papa, mjukuu wako ameingia timu. Lakini huku mpira hawaupigi na mguu, wanaupiga na fimbo.» Nilicheka. Kwetu ukisema mpira, kila mtu anafahamu ni mguu. Halafu nikamwuliza maswali mengi, kwa sababu mtu aliyefanya kazi ya usalama miaka mingi, akisikia watoto na fimbo, hawezi kunyamaza.

Mchezo huo unaitwa beisboli. Mtupaji anatupa mpira mdogo, mgumu, wenye uzito wa gramu 142 hadi 149. Mpigaji anausubiri na fimbo nene. Akiupiga vizuri, anakimbia kupitia vituo vitatu na kurudi mahali alipoanzia, na wenzake wa upande wa pili wanautafuta mpira ili wamkamate njiani. Kila mmoja wa wale anavaa mfuko mkubwa wa ngozi mkononi wa kudakia. Ndiyo yote, ijapokuwa mkwe wangu anasema sheria zake zinajaza kitabu kizima.

Sasa angalieni walivyofanya kwa watoto wadogo. Mtoto wa miaka 4 au 5 hatupiwi mpira. Mpira unawekwa juu ya kigingi cha mpira laini, kimo cha kiuno chake, umetulia. Yeye anaupiga hapo ulipo, halafu anakimbia. Mara nyingi hawahesabu hata mabao. Sababu yake ni ya kiganga: kwa umri huo macho na mikono havijazoea kufanya kazi pamoja. Mpira unaokuja mbio anauona, lakini anapoamua kupiga umekwisha kupita. Mtoto huyo si mjinga wala mvivu. Akishindwa mara kumi mbele ya watu, na baba anapiga kelele pembeni, atakachojifunza ni haya tu.

Jambo hili linatuhusu sisi pia, na mpira wetu wa mguu. Mpira wa watu wakubwa, uliojaa upepo na mzito kwa maji ya mvua, haufai kwa mguu wa miaka 4. Mpira wa vitambaa na mifuko ya plastiki unafaa zaidi, na haugharimu franga hata moja. Mviringishie polepole. Mtupie kwa upole, karibu, mpira mkubwa laini, adake na mikono miwili akiukumbatia kifuani. Aruke kamba, apande, asimame na mguu mmoja, akimbizane na dada zake. Msichana naye ana mifupa na misuli, na anapenda kucheza kama kaka yake. Asiitwe kuosha sahani kila mara mpira unapoanza. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji walau dakika 180 za kujitikisa kwa siku, na kati ya hizo dakika 60 ziwe za nguvu. Pia alale saa 10 hadi 13. Kwa hiyo yule anayekesha mbele ya televisheni na wakubwa, halafu asubuhi analialia, hana ugonjwa, ana usingizi.

Nirudie fimbo. Siku ya kwanza ya mazoezi ya mjukuu wangu, fimbo ziliwekwa chini na watoto wakaambiwa wasubiri. Nani ameona mtoto wa miaka 5 anayesubiri? Mmoja akaokota fimbo, akaizungusha kama alivyoona wakubwa, na mwenzake alikuwa nyuma yake. Damu ilitoka kwenye paji la uso. Alishonwa, akapona, tumshukuru Mungu. Tangu siku ile fimbo ziko mikononi mwa mtu mzima. Mtoto mmoja anapewa moja, wengine wote wanakaa nyuma ya waya, na anayepiga pamoja na wanaokimbia wanavaa kaske.

Binti yangu aliponieleza kaske hizo nilifurahi sana. Lakini jiulize, baba. Wewe huwezi kushuka mgodini bila kaske. Kapita atakurudisha mlangoni. Jumamosi unamweka mwanao wa miaka 4 mbele ya kinga, juu ya bomba, bila kitu kichwani, mnakwenda kutazama mechi kwenye barabara ya malori. Kichwa chake ni laini kupita chako.

Tuje sasa kwenye mkono wenyewe.

Mwaka 1939, katika mji wa Williamsport, jimbo la Pennsylvania, Carl Stotz alianzisha timu 3 za watoto za beisboli. Makampuni ya hapo yalitoa fedha: moja la maziwa, moja la mbao, moja la vitafunio. (Mwaka ule ule, huko Élisabethville, Wapadri Wabenedikto walianzisha timu ya Saint-Georges, ambayo leo dunia nzima inaijua kwa jina la TP Mazembe. Tunaruhusiwa kujivuna kidogo.) Timu zile 3 zikazaa chama kinachoitwa Little League, na watoto wengi sana wa Marekani na nchi nyingine wakaingia.

Lakini waganga wakaanza kuona viwiko vinavyouma. Mwaka 1965 mganga mmoja wa California alitoa matokeo ya picha za viwiko vya wavulana 162, wa miaka 9 hadi 14. Wale waliokuwa watupaji walionyesha mifupa iliyoumia. Kwa nini? Mfupa wa mtoto haujakomaa. Karibu na ncha zake kuna sehemu laini, na hapo ndipo unapokulia, kama bua changa la mahindi kwenye fundo lake. Misuli na kano vinavuta hapo kila anapotupa. Akitupa kidogo, sehemu hiyo inapata nguvu. Akitupa mara mia kila siku, inavimba, na inaweza hata kupasuka. Mtoto mwenyewe hasemi kitu kwa sababu anaogopa kuondolewa timu.

Tangu mwaka 2007 chama hicho kinahesabu mitupo. Mtoto wa miaka 7 au 8 asipite mitupo 50 kwa siku. Wa miaka 9 au 10 asipite 75, na wa miaka 11 au 12 asipite 85. Mtoto wa miaka 14 au chini, akifikisha 66 au zaidi, anapumzika siku 4 kabla ya kutupa tena. Mtu anakaa pembeni na karatasi, anaandika kila mtupo.

Sisi watu wa mgodi hatuwezi kushangaa. Kamba ya lifti ina uzito wake ulioandikwa, na ina siku zake za kukaguliwa. Hakuna anayesema: «Kamba hii ni yangu, naipenda, itavumilia.»

Na hapa naleta habari yangu. Nilipokuwa kijana, kijana wangu wa kwanza alikuwa na mguu wa kushoto wa ajabu. Majirani walikuja kumtazama. Nilimpa mpira wa watu wakubwa akiwa na miaka 5. Kila jioni, nikitoka zamu, kabla hata ya kuoga, tulikwenda nyuma ya nyumba: mipira 100 ya mguu wa kushoto ukutani, na mingine ya mguu wa kulia. Akilia, nilimwambia mwanaume halii. Mama yake alinionya mara nyingi. Nilimjibu kwamba mpira si mambo ya jikoni. Alipofika miaka 9 alianza kuchechemea asubuhi, kisigino kinauma. Mganga wa hospitali aliniuliza: «Ni nani anayemchezesha hivi?» Sikujibu. Kisigino kilipona kwa pumziko la miezi kadhaa, lakini mtoto hakurudi uwanjani. Leo ana watoto wake, ni fundi wa umeme mzuri, na mechi ikianza redioni anatoka nje. Hatujawahi kusema juu ya jambo hilo.

Kwa hiyo mkwe wangu aliponiambia kwamba mjukuu ana mkono wenye nguvu, na kwamba amenunua mipira 12 ya kumzoeza kila jioni, nilimwomba anisikilize dakika kumi. Chama cha waganga wa watoto wa Marekani kinasema watoto wengi wanakuwa tayari kwa timu yenye sheria na mwalimu wanapofika karibu miaka 6. Kabla ya hapo ni kucheza tu. Hata baadaye, mtoto apate siku moja au mbili za kupumzika kila juma, na abadilishe michezo, asifungwe kwenye mmoja mwaka mzima. Mkwe wangu ni mtu wa heshima. Alisema: «Ndiyo, Papa.» Kama amefanya, binti yangu ataniambia.

Kwetu hapa kambini kuna mambo mengine ambayo wale wa Lexington hawana.

La kwanza ni vumbi. Katika mwaka 2018 wachunguzi, pamoja nao wa chuo kikuu cha Lubumbashi, walitangaza matokeo ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti kati ya nyumba. Kobalti ilikuwa nyingi katika mkojo wa wakaaji, na kwa watoto ilizidi. Mtoto yuko karibu na ardhi, anashika chini, anatia vidole mdomoni. Basi asicheze juu ya milima ya mabaki ya madini, hata kama ni mahali palipo sawa na pazuri kwa mpira. Anawe mikono na sabuni kabla ya kula. Na wewe baba, mwanao anakukimbilia mlangoni na mpira. Kabla ya kumbeba, vua nguo za kazi na uoge. Nguo hizo zifuliwe mbali na zake.

La pili, mtoto anayechoka upesi kuliko wenzake. Msimwite mvivu. Inaweza kuwa malaria, minyoo au upungufu wa damu. Na kama baada ya kukimbia, au baridi ya mwezi wa sita, analia kwamba mifupa inauma, mikono au miguu imevimba, macho yana rangi ya manjano, mpelekeni hospitali apimwe damu: pengine ni SS. Mtoto wa SS anaruhusiwa kucheza, ila kwa kipimo cha mganga: anywe maji mara nyingi, apumzike kabla ya kuchoka, asipatwe na baridi wala jua kali. Mwalimu wa masomo aambiwe pia.

La tatu ni msumari. Watoto wetu wanacheza bila viatu na vyuma vimejaa chini. Chukua ndoo, pita kiwanjani pamoja na watoto wenyewe, mwokote misumari, chupa na waya. Wao wanapenda kazi hiyo kama mchezo. Halafu tazama kadi ya chanjo kama ya pepopunda imekamilika.

Jumapili iliyopita binti yangu alinipigia simu kutoka uwanjani, nikamwona mjukuu kwa macho yangu. Alivaa kaske kubwa iliyofunika nyusi. Aliupiga mpira kwenye kigingi, ukaenda kama mita nne. Akakimbia kwa nguvu zote upande usiofaa. Watoto wote wakamfuata, hata wa timu ya pili, na wazazi wakacheka mpaka wakakaa chini. Alikuja kwenye simu anahema, akasema: «Kambo, umeona?» Nikamwambia nimeona. Akaniuliza kama huku Kongo tuna mpira wa beisboli. Nikamwonyesha ule wa vitambaa, ambao mtoto wa jirani aliusahau kwangu. Anautaka. Nimekwisha kuufua, naukausha, natafuta mtu anayesafiri.