Elimu ya Nafsi Haitoki Vitabuni Peke Yake

Katika vyuo vyetu vya ualimu saikolojia hufundishwa, na ni haki iwe hivyo. Mwalimu anayekabidhiwa watoto wa taifa hana budi kuzifahamu nafsi zao. Lakini liko swali moja ambalo mitihani huliacha: je, huyu anayesomea nafsi za wengine amekwisha kuisoma yake?

Swali hili si geni. Mwaka 1095 Imamu Abu Hamid al-Ghazali, mwalimu mwenye sifa kubwa mjini Baghdad, aliketi kufundisha na ulimi ukakataa kusema. Chakula nacho kikawa hakipiti. Matabibu wakakiri kwamba maradhi yale yalianzia moyoni. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa alipojichunguza aliona anafundisha kwa kutaka jaha na sifa. Akakiacha kiti chake, akaenda Damascus, akawa anajifungia katika mnara wa msikiti. Aliporejea kufundisha, mwaka 1106, alikuwa amekaa faraghani miaka ipatayo kumi na mmoja. Katika Ihya, kitabu ambacho masheikh wa Unguja na Pemba wanakijua vyema, sehemu moja inahusu murakaba na muhasaba, na inayoifuata inahusu tafakuri. Maana yake ni kwamba mtu huikagua nafsi yake kama mfanyabiashara anavyokagua hesabu za mshirika wake.

Huko Marekani, mjini Boulder, chuo cha Naropa kilianzishwa mwaka 1974 na Chögyam Trungpa, mwalimu wa Kibudha kutoka Tibet. Mwanafunzi wa saikolojia pale husoma nadharia kama wenzake wa kwingineko, lakini pia hutakiwa kuketi kimya, akiangalia pumzi na mawazo yake, kabla hajakabidhiwa mgonjwa wa kumsikiliza. Wameliita jambo hilo elimu ya tafakuri.

Sisi wa Mnyambe, wilayani Newala, hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kuitafuta mizizi yake. Katika uwanda huu wa Makonde, kumbi ilikuwa chuo. Kijana aliondolewa nyumbani, akatengwa porini, akafunzwa na makungwi kwa nyimbo na mafumbo mpaka ajue kwamba yule aliyeingia siye atakayetoka. Hata wamisionari walilitambua hilo. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakulipiga marufuku jando, bali alilitengenezea utaratibu wa Kikristo. Hatusemi kwamba kila la kumbini lilikuwa jema. Yalikuwapo maumivu na vitisho visivyo na faida. Lakini siku hizi jando hubanwa ndani ya likizo ya shule, na kinachopunguzwa kwanza ni mafunzo.

Mwandishi wa makala haya alipitia chuoni kwa maalimu, kisha chuo cha ualimu. Kwa maalimu alifundishwa kujihesabu kabla ya kulala: leo nimemdhulumu nani? Katika chuo cha ualimu alikariri Piaget, Freud na Skinner, akafaulu. Hakuna mkufunzi aliyemwuliza moyo wake hufanya nini mtoto anapokaa kimya mbele ya swali.

Wala hili si jambo dogo. Kanuni za mwaka 2002 zimeweka mpaka wa viboko vinne, na mwalimu mkuu ndiye mwenye mamlaka. Kanuni inaweza kuhesabu viboko. Haiwezi kuhesabu hasira. Mtoto aliyekuja shuleni na njaa, au aliyeamka alfajiri kuteka maji, huonekana mkaidi machoni pa mwalimu asiyejua kwamba uchovu ni wake yeye mwenyewe. Mtoto huyo huacha shule, nasi tukalaumu wazazi.

Ndugu viongozi wa elimu, hatuombi majengo wala fedha. Tunaomba nusu saa kila juma katika vyuo vya ualimu, mwanafunzi aketi kimya, kisha aandike katika daftari lisilotiwa alama yale aliyoyaona nafsini mwake. Awepo mkufunzi mtu mzima wa kumsikiliza, na mara mojamoja waalikwe masheikh, mapadri na makungwi wenye busara. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitutaka tusiitenge shule na jamii iliyoizaa. Basi tusimtenge mwalimu na nafsi yake, kwa kuwa ndiyo anayoingia nayo darasani kila asubuhi.