Daraja la kijito nyumbani kwako linabeba tani ngapi? Usiseme tu 'pita, mbona jana limepita'

Umeagiza mchanga wa kujengea. Tipa limefika hadi ng'ambo ya kijito, dereva anashuka, anaangalia daraja lako kisha anauliza: "Hili linabeba tani ngapi?"

Wengi tutajibu: "Pita tu kaka, wiki iliyopita limepita lori la matofali."

Jibu hilo ndilo linaloua watu. Daraja kubwa kama la Kirumi, linalovuka Mto Mara kwenye barabara ya Musoma kwenda Tarime, lilichorwa na wahandisi na uzito wake unajulikana. Daraja la magogo au zege ulilojenga na fundi wa kijijini Butiama ili ufike nyumbani kwako, halina mchoro wala kibao. Hata hivyo, kuna mambo unayoweza kuyaangalia mwenyewe kabla hujaruhusu gari zito lipite.

Anza na uzito wa gari

Bodaboda yenye abiria mmoja haifiki kilo 350. Canter iliyojaa inaweza kufika tani 7. Mchanga mkavu una uzito wa karibu tani 1.6 kwa kila mita moja ya ujazo, na ukilowa unazidi hapo. Kwa hiyo tipa la Fuso lenye mita 5 za mchanga linabeba tani 8. Ongeza uzito wa gari lenyewe, unafika tani 13 au 14.

Maji nayo yanadanganya. Lita 1 ni kilo 1, hivyo gari lenye tenki la lita 5,000 limebeba tani 5 za maji peke yake.

Kingine ambacho wengi hawakijui: kama daraja ni fupi, la mita 3 au 4 hivi, gari lote haliingii juu yake kwa mara moja. Linalolielemea zaidi ni ekseli ya nyuma, na huko ndiko sehemu kubwa ya mzigo wa tipa inakokaa. Kwa hiyo usiulize tu gari zima lina tani ngapi. Uliza matairi ya nyuma yanakandamiza kwa tani ngapi.

Pima urefu na unene

Chukua futi kamba, pima kutoka ukingo hadi ukingo, pale ambapo magogo au zege halijashikiliwa na kitu chini. Ukiongeza urefu huo mara mbili, kutoka mita 3 hadi 6, mzigo ambao gogo lilelile linaweza kubeba katikati unapungua kwa nusu.

Unene ndio una nguvu kuliko vyote. Gogo la sentimita 30 likiliwa na mchwa au kuoza sentimita 3 kuzunguka pande zote, linabaki na sentimita 24. Kwa macho unaona limepungua kidogo tu. Kwa hesabu, limebaki na karibu nusu ya nguvu yake ya mwanzo.

Kwa mbao, angalia zilivyolazwa. Mbao ya inchi 2 kwa 6 ikisimamishwa kwa ubavu inabeba mara 3 zaidi ya ileile ikilazwa bapa.

Chungulia chini

Subiri maji yapungue, hakikisha hakuna kitu juu ya daraja, kisha angalia chini yake.

Magogo: choma kwa ncha ya kisu, hasa pale yanapogusa udongo. Kisu kikizama kirahisi, limeoza.

Chuma: kwangua kutu. Ikitoka kwa magamba, chuma kimeshaliwa.

Zege: tafuta nyufa upande wa chini katikati, na madoa ya kutu. Gari likipita, upande wa chini wa zege unavutwa, na zege halipendi kuvutwa, ndiyo maana nondo huwekwa chini. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kujua fundi aliweka nondo ngapi, na za unene gani. Madaraja mawili yanaweza kufanana kabisa kwa juu, moja likabeba mara kadhaa kuliko jingine.

Kingo: hapa ndipo wengi hawaangalii. Mvua za masika zinachimba udongo chini ya miguu ya daraja. Juu unaona kila kitu kiko sawa, kumbe chini kuna tundu. Udongo mweusi wa mbuga ni mbaya zaidi, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Baada ya kila mafuriko, angalia upya.

'Mbona limebeba miaka yote?'

Huko Marekani, daraja lililoitwa Silver Bridge lilifunguliwa mwaka 1928. Lilibeba magari kwa miaka 39. Desemba 15, 1967 likaanguka jioni watu wakirudi makwao, na 46 wakafa. Chanzo kilikuwa ufa mdogo kwenye kipande kimoja cha chuma, na magari ya wakati huo yalikuwa mazito kuliko yale ya 1928.

Lile lilikuwa na wahandisi. La kwako je? Kila gari zito linalopita linaweza kuacha ufa au kupinda kidogo. Lori la jana halithibitishi kwamba la leo litapita. Pengine ndilo lililolichosha.

Ufanye nini sasa

Vuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo ikiwa imekazwa, pima nafasi kati yake na daraja pale katikati, andika. Rudia kila mwezi. Daraja likianza kubonyea na halirudi, funga njia ya magari.

Piga picha za juu, chini na kingo, andika vipimo, mpelekee mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Huyo ndiye anayeweza kukupa namba ya tani. Kama huna pa kuanzia, ulizia ofisi ya TARURA wilayani wakuelekeze.

Ukishapewa namba, iandike kwenye kibao, pande zote mbili. Dereva mgeni hakujui wewe wala daraja lako.

Na kabla hujaipata, mchanga ushushwe ng'ambo. Uvushe kwa mkokoteni au toroli, kidogo kidogo. Utalipa vibarua, ndiyo, na kazi itachukua siku mbili tatu. Lakini njia ya watoto kwenda shule na ya mgonjwa kwenda hospitali itabaki, na dereva atarudi kwake salama.