Safari ya Uchina: Yanayoonekana na Yaliyo Chini ya Maji

Katika soko la Makina, mtaani Kibera, haipiti siku bila ya mtu kununua kitu kilichotoka Uchina: sahani, chupa ya chai, tochi, au viatu vya mtoto. Lakini watu waliokwisha kuiona nchi yenyewe kwa macho ni wachache. Siku hizi zipo ndege zitokazo Nairobi mpaka Guangzhou, na yako makampuni yanayowachukua wasafiri kwa makundi, kila kundi na kiongozi wake, kuwaonyesha mambo makuu ya nchi hiyo. Basi yafaa msomaji aelezwe msafiri huyo huona nini, na ni yapi asiyoonyeshwa.

Kwanza ijulikane kuwa njia hii si ngeni. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina, Yongle, zawadi ya twiga, na Wachina wakamstaajabia mno, wakidhani ni yule mnyama wa baraka atajwaye katika hadithi zao. Baadaye merikebu za jemadari Zheng He, aliyezaliwa katika ukoo wa Kiislamu, ziliwarudisha wajumbe hao kwao. Vipande vya vyombo vya kaure vya Kichina vimechimbuliwa katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi.

BEIJING NA XI'AN

Safari nyingi huanzia Beijing. Hapo msafiri huingia katika jumba la wafalme lililojengwa kati ya mwaka 1406 na 1420, maana yake yule twiga wa Malindi alifika nchini wakati mafundi wangali kazini. Kisha hupelekwa kwenye Ukuta Mkuu. Kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2012, kuta zote za zama mbalimbali zikijumlishwa hufikia kilometa 21,196, yaani zaidi ya mara kumi na tano ya njia ya Mombasa mpaka Kampala. Kazi hiyo ilifanywa na askari, wakulima na wafungwa, na wengi wao walifia huko huko milimani.

Huko Xi'an mkulima atapendezwa zaidi. Mwezi wa Machi 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima walikutana na vipande vya sanamu za udongo. Wataalamu walipoendelea kuchimba, likaonekana jeshi zima, linalokisiwa kuwa na askari 8,000, lililozikwa kumlinda mfalme Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo. Mwislamu wa Makina naye ana la kutazama katika mji huo: msikiti mkuu wa kale, usio na kuba wala mnara mrefu kama ya Nairobi, bali mapaa ya Kichina yaliyopindwa kwenye ncha, na bustani katikati. Katika mitaa inayouzunguka wanakaa Waislamu wa kabila la Wahui, na chakula cha halali hupatikana bila taabu.

KWENYE MTO

Kutoka Chongqing wasafiri hupanda meli na kushuka mto Yangtze kwa muda wa siku nne hivi. Mto huu una urefu wa kilometa 6,300 hivi, na duniani ni Naili na Amazon tu iliyo mirefu zaidi. Meli hupita katika makorongo matatu, Qutang, Wu na Xiling, ambamo majabali husimama pande zote mbili kama kuta. Mwisho wake ni bwawa kubwa ambalo ukuta wake una urefu wa zaidi ya kilometa mbili. Mitambo yake ina nguvu za megawati 22,500. Mitambo yote ya umeme ya Kenya ikijumlishwa haifikii robo yake.

Bwawa hilo halikujengwa kwa ajili ya umeme tu. Mafuriko ya mwaka 1954 yaliua watu takriban 30,000, na nia mojawapo ya bwawa ni kuyazuia maji ya namna hiyo. Lakini maji yalipoanza kujazwa mwaka 2003, miji na vijiji vingi vilifunikwa. Baidicheng, iliyokuwa imeungana na nchi kavu, ikawa kisiwa. Hekalu la Zhang Fei lilibomolewa na kujengwa tena kilometa zaidi ya 30 juu ya mto. Watu waliohamishwa ni kama milioni 1.3. Wengine walipewa nyumba katika miji mipya mlimani, wengine wakapelekwa majimbo ya mbali. Mwezi wa Mei 2011 Serikali ya Uchina yenyewe ilikiri kuwa yako mambo ya kutengenezwa upesi kuhusu watu hao, na kuhusu ardhi inayoporomoka.

Jambo hili watu wa Makina hawana haja ya kufasiriwa. Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa K.A.R. waliotoka Sudan, walitengewa Kibera ekari 4,197 mwaka 1918. Hati waliyokabidhiwa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Na mwezi wa Julai 2018 nyumba na shule katika Kibera zilibomolewa ili barabara ipite. Barabara ina faida yake, kama bwawa lilivyo na faida yake. Lakini faida ya wengi haifuti haki ya yule aliyeondolewa.

Kwa hiyo atakayejaliwa kufanya safari hii asitosheke na kupiga picha. Kiongozi atamwonyesha majabali na kumtajia urefu wa ukuta, na ndiyo kazi yake. Msafiri naye amwulize kwa adabu: hapa tunapopita palikuwa na mji gani, na watu wake wanalima wapi sasa? Anayeuliza hivyo atarudi Nairobi na elimu ya kuwafaa jirani zake, siku watakapoambiwa kuwa kazi kubwa ya maendeleo inakuja mahali pao na ni lazima wapishe njia.