Cheche za umeme: kitufe kidogo kinachookoa nyumba

Huenda una ndugu aliyehamishiwa Marekani au Kanada. Hapa kambini tunaogopa moto wa mafiga na kibatari. Kule moto unaweza kuanzia ndani ya ukuta, mahali usipopaona.

Waya uliochubuka, uliobanwa na mguu wa kitanda au uliotobolewa na msumari hutoa cheche. Joto lake huweza kuwasha mbao na godoro, lakini mara nyingi swichi ya kawaida haiangushwi nalo. Ndiyo maana kanuni za umeme za Marekani za mwaka 1999 ziliagiza vyumba vya kulala vya nyumba mpya, kuanzia 2002, viwekewe kifaa kinachotambua cheche na kukata umeme. Nyumba nyingi za zamani hazina.

Kifaa hiki hukaa kwenye sanduku la swichi, na kina kitufe kilichoandikwa TEST. Mwambie ndugu yako akipime kila mwezi:

1. Azime kompyuta na televisheni, aache taa moja ya chumba ikiwaka.
2. Mikono na sakafu viwe vikavu. Abonyeze TEST.
3. Swichi iruke na taa izimike.
4. Aisukume swichi mpaka OFF kabisa, kisha airudishe ON.

Taa isipozimika, kifaa kimekufa. Asifungue sanduku, amwambie mwenye nyumba alete fundi. Na kikikata umeme mara kwa mara, asikilaumu. Achomoe vyombo vyote, avirudishe kimoja kimoja mpaka ajue kipi kina hitilafu. Kama bado kinakata, aite fundi.

Nasi tunaotumia sola au jenereta je? Kifaa chetu ni macho, masikio na pua. Kila wiki kagua waya zako. Kiungo kilicholegea, soketi yenye weusi, mlio wa kuchacharika au harufu ya plastiki inayoungua ni onyo. Zima, tenganisha waya na betri, kisha umwite fundi. Usipitishe waya chini ya mkeka wala kwenye nyasi za paa.

Mtu akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta. Mpeleke zahanati mara moja, hasa akiwa mtoto au akiwa amepigwa na umeme, hata kama jeraha linaonekana dogo.