Ugali waungua, binti yuko Zanzibar na Bwana Msa

Ukitaka kujua kama nyumba fulani ina mpenda vitabu, usihangaike kutafuta rafu. Nenda jikoni ukatazame makalio ya sufuria. Ukikuta weusi uliokataa kutoka kwa sabuni, kwa majivu na hata kwa waya wa kusugulia, basi jua kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna mtu ambaye hupika kwa mkono mmoja na kufungua kurasa kwa mkono wa pili.

Mtu huyo namfahamu vyema, kwa kuwa ni binti wa dada yangu. Ana umri wa miaka 13, yuko gredi ya nane, na wanaishi mtaa wa Umoja hapa Nairobi, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Kimoja ni cha wazazi. Cha pili ni sebule mchana, na usiku hugeuka kuwa bweni la watoto watatu. Jina lake sitalitaja. Ameniomba yeye mwenyewe, akanieleza kwa uso mkavu kwamba shujaa wa hadithi hajulikani mapema.

Hebu nikupe siku moja tu ya maisha yake, msomaji, nawe uamue kama ungeimudu.

Mama yake humtuma bucha nusu kilo ya nyama. Mwendo ni wa dakika tano kwenda na tano kurudi. Dakika arobaini zapita. Nyama yenyewe imefungwa kwa gazeti kuukuu, na binti huyu hawezi kupita karatasi yenye maandishi bila kuisoma, hata ikiwa imelowa damu. Siku moja alifika nyumbani, akaweka nyama mezani, akageuka mbio kurudi bucha. Dada yangu akadhani amesahau chenji. Kumbe habari aliyokuwa akisoma ilikatikia njiani na kuelekezwa ukurasa mwingine, naye amekwenda kumwuliza mwenye bucha ukurasa huo ameufungia nani! Mwenye bucha alimweleza kwamba umeondoka na matumbo ya mteja wa ghorofa ya kwanza. Basi akamfuata mteja huyo mlangoni.

Mandazi ya jioni nayo yana balaa lake. Yule mama anayeuza kando ya lango huyafunga kwa kurasa za madaftari ya shule. Wenzake wakila, yeye anasoma insha za watoto asiowajua na kusikitika kwamba mwalimu alikuwa mkali mno wa kutoa alama.

Halafu kuna suala la lugha. Watoto wote wa ploti ile huongea Sheng tangu asubuhi hadi walale. Huyu wetu, akimaliza kitabu, hukaa siku mbili tatu akisema kama kitabu. Mdogo wake wa kiume akimnyang'anya rimoti, haambiwi "leta hiyo kitu." Huambiwa, "Ewe ndugu yangu, mbona wanitia simanzi?" Mtoto wa watu hubaki ameduwaa, na wakati ameduwaa rimoti inachukuliwa. Ni mbinu nzuri, nami naipendekeza kwa wenye wadogo watundu.

Lakini lililovuma ploti nzima ni lile la keateka. Bwana huyu hukusanya kodi, hufunga maji na hugomba anapoona nguo zimeanikwa kwenye ngazi. Binti akaanza kumwamkia kila asubuhi kwa heshima kubwa: "Shikamoo Mtemi Nasaba Bora." Keateka akafurahi. Mtemi! Tena mwenye nasaba bora! Akawa akimjibu "Marahaba, mwanangu," na wiki moja hata akawafungulia maji kabla ya saa. Furaha hiyo ilikwisha siku alipojitapa kwa kijana mmoja wa ghorofa ya pili aliyefanya KCSE wakati riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, ilipokuwa kitabu teule. Kijana alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Ndipo keateka akafahamishwa kwamba Mtemi Nasaba Bora ndiye yule mtawala dhalimu wa Sokomoko, mnyakuzi wa mashamba. Maji yalirudi saa ya kawaida.

Kicheko hakikosi nyumba hiyo, lakini wazazi wana mashaka yao na si ya kupuuza. Mama mtu analalamikia macho. Umeme wao ni wa tokeni. Tokeni zikikwisha binti hujifunika blanketi na kusomea tochi ya simu, akiimaliza chaji ambayo mama aliihitaji asubuhi. "Utapofuka, wewe!" ndiyo salamu ya kulala katika nyumba hiyo. Kwa kweli, wataalamu wa macho wanasema mwanga hafifu huyachosha macho na kuyaumiza kwa muda, lakini hauyapofushi. Linalohusishwa zaidi na watoto kushindwa kuona vitu vya mbali ni kujifungia ndani mchana kutwa bila kupata mwanga wa jua. Dada yangu nilipomweleza hivyo alinishukuru, akamtoa binti nje kwa nguvu. Binti alitoka na kitabu.

Shemeji yangu wasiwasi wake ni mwingine. Yeye ni bawabu, hufanya kazi zamu ya usiku kwenye lango la ghala moja Eneo la Viwanda. Aliacha shule darasa la saba kwa kukosa karo, na kwa mshahara wake wa bawabu anasomesha watoto watatu mjini. Muhula uliopita binti yake alirudi na ripoti. Kiswahili alama 88. Kiingereza 81. Hisabati 31. Shemeji aliikodolea macho ile 31 kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo wazazi wengi wa mji huu wamewahi kuuliza: "Hizi hadithi zitakulipia kodi?"

Usimcheke. Vitabu vyenyewe havipatikani bure. Riwaya mpya dukani huuzwa mamia ya shilingi, na tangu sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilipoviingiza vitabu katika bidhaa za kutozwa kodi ya asilimia 16, mzigo ulizidi kuwa mzito. Mtu akipima bei ya riwaya moja na bei ya paketi za unga, mikono yake haitetemeki, anachukua unga. Ndiyo maana binti wetu ni mteja wa yale maduka ya kando ya barabara yaitwayo "inama", ambako vitabu vikuukuu hutandazwa juu ya gunia nawe huna budi kuinama kuchagua. Huko kwa shilingi hamsini au mia hutoki mikono mitupu. Kasoro ni kwamba mtu huuziwa kitabu jinsi kilivyo, na huwa hakuna wa kumlaumu.

Ni huko alikopata Mzimu wa Watu wa Kale, kile kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka mwaka 1960 na kumtambulisha Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake mdomoni. Kitabu chenyewe kilikuwa kimezeeka, jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Alikisoma siku hiyo hiyo akisonga ugali. Nadhani umeshajua yaliyoupata ugali.

Jioni hiyo shemeji alipiga marufuku. Kwa kuwa alikuwa anawahi zamu na tumbo lake halina kitu ila chai, hakutumia maneno mengi. Hakuna kitabu cha hadithi katika nyumba ile hadi hisabati ifike 50. Katoni nzima ikapandishwa juu ya kabati la chumbani, na Bwana Msa akawekwa juu kabisa, mahali ambapo binti hafiki ila kwa stuli.

Wiki mbili zilizofuata dada yangu anazisimulia akijishika mbavu. Mtoto alisoma kalenda. Alisoma karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa ya kikohozi, akamwonya nyanya yake kwa simu kuhusu madhara kumi na moja. Alisoma mkebe wa Blue Band pande zote. Alisoma maelezo ya pasi, hata yale ya Kichina, ambayo alidai yanaeleweka ukitazama picha. Kitabu cha hisabati nacho alikisoma, lakini kwa namna yake: alitaka kujua yule mkulima mwenye ng'ombe 48 anayegawa robo kwa mwanawe wa kwanza amekosana na nini na yule wa pili.

Siku ya nne ya marufuku alipanda stuli. Anasema alitaka tu kukipangusa vumbi. Bwana Msa alikuwa mahali pake. Ila kulikuwa na jambo. Yeye alama yake ya ukurasa ni kijiti cha kiberiti, na kijiti hicho alikiacha ukurasa wa 31. Aliukumbuka vizuri kwa sababu ndizo alama zake za hisabati. Sasa kilikuwa ukurasa wa 47.

Mtoto mwingine angenyamaza. Huyu alikuwa amelelewa na Bwana Msa. Alikirudisha kitabu kama kilivyokuwa, akasubiri siku mbili, akapanda tena. Ukurasa wa 58. Akakinusa. Kitabu kilinukia moshi wa dawa ya mbu, na katika nyumba ile hawachomi dawa ya mbu, kwa kuwa kifua cha mtoto mdogo hakiipatani. Baina ya kurasa akakuta chembe za mkate mkavu. Mama hali mkate usiku. Mdogo wake hawezi kufika juu ya kabati, na hata angefika, angekitumia kitabu kama goli.

Alingoja hadi Jumapili mchana, shemeji ameamka na anakunywa chai ya rangi, nami nipo. Akauliza kwa adabu nyingi, macho chini:

"Baba, pale langoni kwenu usiku kuna mbu?"

"Wengi sana, mwanangu."

"Na Bwana Msa mbu hawamsumbui?"

Dada yangu alikohoa chai. Shemeji alinitazama mimi, akamtazama mkewe, akaitazama dari. Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli, akasema kwamba zamu ya usiku ina adui mmoja mkubwa kuliko mwizi, naye ni usingizi. Bawabu akikutwa amesinzia mara mbili hana kazi. Alianza kwa kupekua ukurasa mmoja ili aone ni upuuzi gani unaomuunguzia ugali. Tangu usiku ule hajasinzia hata mara moja.

"Lakini marufuku iko pale pale," akaongeza haraka. "Mimi nakisoma kikazi."

Hapo ndipo mazungumzo ya amani yalipoanza, na niliyaona yakienda kwa ugumu kuliko ya serikali nyingi. Binti alitaka hadithi irudi. Baba alitaka hisabati. Ilikubaliwa kwamba kila baada ya maswali kumi ya hisabati yaliyosahihishwa na kijana wa ghorofa ya pili (yule aliyemcheka keateka), sura moja inafunguliwa. Ugali utapikwa na mtu asiyekuwa na kitabu mkononi. Na wakati wa chai ya jioni, kabla ya zamu, baba na binti watasimuliana walikofikia bila yeyote kumdokezea mwenzake ya mbele.

Kifungu hicho cha mwisho kiliwasilishwa na binti, nami nilidhani ni uungwana. Kumbe alikuwa na lake. Kitabu kile cha inama hakina kurasa za mwisho. Zilinyofoka kabla hajazaliwa, pengine zilifunga mandazi ya mtu. Alilijua hilo tangu siku aliponunua, akakubali hasara. Baba yake hakujua, wala hakuambiwa.

Shemeji alifika kwenye pengo hilo Alhamisi, saa tisa usiku, peke yake langoni. Maiti ipo, washukiwa wapo, Bwana Msa karibu atanena, halafu jalada! Dada yangu anasema simu yake ililia saa hiyo, akaruka kitandani moyo ukimwenda mbio akidhani majambazi wamevamia ghala. Akasikia sauti ya mumewe: "Mwamshe huyo mtoto aniambie ni nani."

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Asubuhi yake alimwambia baba ukweli, kwamba hata yeye hajui.

Bawabu huyo alishuka kwenye matatu Ijumaa hiyo kabla ya kufika nyumbani, bado amevaa sare, buti zake zina matope, akaingia maktaba ya Makadara. Jengo hilo, pamoja na lile la Kaloleni, ni matawi ya maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mlangoni huko katikati ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi ya ukoloni ikawa ya Wazungu peke yao. Matawi haya mawili yamefanyiwa ukarabati miaka ya karibuni, na watoto wa Eastlands huyajaza wakati wa likizo. Shemeji amepita hapo kwa miaka mingi akidhani ni mahali pa wanafunzi wenye sare za shule. Alinieleza kwamba alisimama mlangoni kitambo, akiwa na sare ya aina nyingine, akafikiria kugeuka. Nilimkumbusha kwamba huko Garissa, tangu mwaka 1996, shirika la maktaba la taifa lilianza kuwapelekea watu vitabu kwa ngamia. Ikiwa ngamia ameingizwa katika shughuli hii, sembuse bawabu. Akacheka.

Kitabu chenyewe hakikuwepo siku hiyo. Alielezwa arudi Jumatatu. Katika kungoja alikaa kwenye kiti, akachukua kingine, na dada yangu alimtafuta kwa simu hadi saa sita mchana, uji umepoa.

Mtihani wa hisabati unaanza wiki ijayo. Zoezi la mwisho alilosahihisha kijana wa ghorofa ya pili lilikuwa na 6 kwa 10. Katoni bado iko juu ya kabati, na stuli sasa haiondolewi.