Miezi ya kwanza ya dozi

"Hizo dawa ndizo zilizommaliza." Maneno haya husemwa kwa sauti ya chini misibani, pale mtu anapofariki wiki chache baada ya kuanza ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU). Mwenye virusi ambaye bado anasitasita kwenda kliniki huyasikia, akaahirisha tena. Naona uchungu, kwa sababu kuahirisha huko ndiko kunakoua.

Ni kweli kwamba vifo vya watu wazima walio kwenye tiba hurundikana mwanzoni, hasa katika miezi sita ya kwanza. Aliyekivuka kipindi hicho na kuendelea kumeza dawa bila kuruka anaweza kuishi umri unaokaribia wa mtu asiye na VVU. Suala kubwa ni hali aliyokuwa nayo siku alipoanza.

Hali hiyo inapimika. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli za CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 200, Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ugonjwa umeshafika mbali. Kukonda sana ni dalili nyingine mbaya. Huko Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliofuatilia wagonjwa walioanza ARV waliona kwamba upungufu mkubwa wa damu ulikuwa miongoni mwa viashiria vikali vya kifo. Wanaume nao hufa zaidi kuliko wanawake, na sababu mojawapo ni kwamba huja wakiwa wamechelewa. Mwanamke hupimwa akienda kliniki ya wajawazito, mwanamume husubiri mpaka abebwe.

Basi nini hutokea ndani ya mwili? Virusi vikifubazwa, kinga iliyokuwa imelala huamka. Ikivikuta vimelea vya kifua kikuu vimejificha kwenye mapafu au tezi, huvishambulia kwa nguvu hata mwili wenyewe ukaumia: homa inapanda, tezi za shingo zinavimba, pumzi inakuwa ya shida. Ndugu wanaona mtu aliyekuwa na nafuu kaanza dawa kazidiwa. Kumbe kifua kikuu kilikuwamo tangu mwanzo, hakikuonekana.

Fangasi wa kriptokokasi ni hivyohivyo. Mtu humvuta kwa pumzi kutoka kwenye udongo wenye kinyesi cha ndege, na kinga ikiwa imeporomoka fangasi huyo huingia hadi kwenye utando wa ubongo. Alama zake huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na kipimo ni kijikaratasi kinachotoa jibu kwa dakika 10. Hapo bado kuna nafasi ya kumpa mgonjwa dawa ya flukonazo.

Dar es Salaam na Lusaka walilijaribu hilo. Katika utafiti ulioongozwa na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na kuchapishwa mwaka 2015, wagonjwa wenye CD4 chini ya 200 walipimwa fangasi huyo, na wahudumu wa jamii, ambao si wauguzi, wakawatembelea nyumbani kila wiki katika mwezi wa kwanza. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamefariki asilimia 13. Kwenye kundi la huduma ya kawaida, asilimia 18. Mtu wa kubisha hodi na kuuliza umelalaje, umekula, umemeza!

Tangu nchi zetu zilipoamua kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 zishuke, uamuzi ninaouunga mkono kabisa, kipimo cha CD4 kimeanza kusahaulika. Wakati huohuo wengi wanaofika wakiwa hoi siku hizi si wageni. Waliwahi kuanza dozi, wakaacha kwa sababu ya safari, njaa, unyanyapaa au ahadi za maombezi. Wakirudi, huitwa watoro na kufokewa mbele ya foleni. Mgonjwa kama huyo anastahili kupimwa CD4 na kifua kikuu siku hiyohiyo, kabla hajaulizwa alikuwa wapi.